Kunguru Tisa wa Machinjioni

Idara ya afya ya jiji ilikuwa na wapuliza dawa ya mbu, wakaguzi wa vyoo, wakamata mbwa, na ilikuwa na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama kunguru. Alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na sita. Mtu akiisikia kazi hiyo hucheka kwanza, kisha huuliza, "Kwani kunguru si kunguru tu?" Zamani mwanamke huyu alikuwa akilijibu swali hilo kwa raha zake, anavuta kiti, anaeleza mpaka chai inapoa. Miaka ya karibuni alikuwa anasema tu, "Ndiyo, kunguru ni kunguru," ili apite aendelee na safari yake.

Jalalani, sokoni na machinjioni walimwita Mama Darubini. Darubini yenyewe ilikuwa nzito kama tofali, jicho lake moja limeingia ukungu, kamba imekatika na kufungwa mafundo matatu. Wachinjaji walimtania kila akipita: "Mama Darubini, kunguru hafugiki, wewe unawafuatia nini?" Naye hujibu bila kusimama, "Hata waume hawafugiki, na bado tunawapikia."

Kazi ilikuwa hivi. Mji ulikuwa umevamiwa na kunguru wa shingo ya kijivu. Hao ni wageni, waliingia na meli miaka mingi iliyopita, wakaona pana kula, wakazaana. Walinyakua vifaranga, walipokonya mkate mkononi mwa wagonjwa waliokaa nje ya zahanati, walivunja mayai ya ndege wengine mpaka miti ikabaki yao peke yao. Ndipo jiji likaamua kuwapunguza kwa nyama iliyotiwa dawa. Lakini kulikuwa na wenyeji pia, kunguru wa kifua cheupe, ambao sheria ilikataza kuwagusa, na wageni na wenyeji hao wanakula jalala moja. Kwa hiyo dawa haikumwagwa mahali popote kabla Mama Darubini hajakaa hapo asubuhi tatu, akatazama nani anakuja kula, akajaza fomu na kutia sahihi kwamba wenyeji hawamo.

Alifundishwa na mwalimu mmoja wa chuo, mzee mwenye subira, aliyemtembeza miezi minne juani. Kunguru wa kijivu, mwalimu alisema, ni mwembamba, utosi umechongoka kama amevaa kofia ndogo, na kijivu chake kinayeyukia kwenye weusi taratibu. Huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndipo kilipoishia. Wa kifua cheupe ni mkubwa, mdomo mnene, mabawa marefu, mkia mfupi, na weupe wake umekatwa kama kwa mkasi, hapa fulana, hapa koti. Sauti nazo si moja. Wa kijivu hulia kwa koo kavu kama jirani anayegombana dirishani. Mwenzake sauti yake hutoka chini, nzito, karibu na kukoroma. Yupo na wa tatu, jitu jeusi lenye baka jeupe kisogoni, anayekaa kwenye majabali, lakini huyo mjini hushuka kwa bahati. Mwalimu alikuwa na kitabu cha ukoo mzima wa kunguru. Humo walikuwamo binamu wa nchi za baridi: mmoja mwenye mkia mrefu, rangi nyeusi na nyeupe, mwingine wa rangi ya udongo mwekundu, ana kiraka cha buluu kwenye bawa kama amechomekwa pambo. Mama Darubini alipomsimulia mumewe jioni ya siku alipokiona kitabu hicho, alisema, "Kumbe katika ukoo huo kuna waliojaliwa nguo." Mumewe akacheka. "Kila ukoo una wa kupigwa picha na wa kubeba mizigo," alisema.

Mumewe alikuwa dereva wa malori wakati huo, mtu wa miraba minne. Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha bafuni, upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka mojamoja kama maji ya bomba lenye kutu. Tangu hapo siku ya Mama Darubini ilianza kabla ya siku. Amgeuze, amwoshe, ambadilishe shuka, amwinue kwa kumkumbatia kifuani na kumkalisha kwenye kiti cha dirishani, amlishe mkate uliolowekwa kwenye chai, ndipo achukue darubini atoke. Na usingizi wake ulikuwa wa vipande, kwa sababu mgonjwa ni lazima ageuzwe asipate vidonda. Wifi yake, dada wa mume, aliishi mtaa wa pili. Kila akipigiwa simu alisema, "Nakuja wifi yangu, ila wiki hii imenibana." Hiyo wiki ilikuwa imembana kwa miaka miwili.

Mama Darubini aliandika barua kuomba msaidizi. Akaandika ya pili. Katika ya tatu hakuomba msaidizi, aliomba likizo ya mwezi mmoja. Hakuna iliyojibiwa. Akaacha kuandika. Jungu kuu halikosi ukoko, watu husema, lakini yeye aliona lake limekwanguliwa mpaka chini.

Ikaja zamu ya machinjio. Asubuhi ya kwanza walimwaga vipande vya mapafu visivyo na dawa kwenye uwanja wa nyuma, ili ndege wazoee. Mwenzake katika kazi alikuwa mwanamume wa umri wake aliyeitwa Glovu, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika dawa na hata chai aliinywa na glovu za mpira mkononi. Kazi ilimtaka Mama Darubini auzunguke uwanja, atazame kwa mwanga wa upande huu na wa upande ule. Magoti yalikataa. Akakaa kwenye kibanda cha mlinzi chenye kivuli, nyuma ya chumba cha msumeno wa umeme wa kukatia mifupa. Msumeno ulipiga kelele tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mbele yake, upande wa pili, lilisimama bomba la moshi la boila la kuchemshia maji. Kuni zilikuwa zimepanda bei, na kwa miezi miwili walikuwa wakichoma matairi chakavu. Moshi ulitoka mweusi, mzito, na ndege walipenda kukaa juu ya paa la boila kwa ajili ya joto.

Aliwahesabu. Wote shingo kijivu, kifua kijivu. Aliona kwamba baadhi yao walikuwa wakubwa. Aliona mkia mfupi, mmoja, halafu mwingine. Akajiambia: wamenenepa kwa mafuta ya machinjioni. Asubuhi ya pili alisinzia akiwa ameshika darubini, akazinduka Glovu alipogonga ukuta wa kibanda.

"Dada, uko nasi?"

"Nipo."

"Umelala, bwana."

"Nilikuwa nawatazama kwa ndani," alisema, na Glovu akacheka, akamwachia maandazi mawili kwenye karatasi.

Asubuhi ya tatu akajaza fomu. Shingo ya kijivu, thelathini na nane. Kifua cheupe, hakuna. Akatia sahihi akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu mumewe alikuwa peke yake na saa zilikuwa zimekwenda.

Siku ya nne, Alhamisi, Glovu alimwaga nyama yenye dawa. Dawa hiyo haiui papo hapo. Ndege hula, huruka zake, na kesho yake huokotwa chini ya mti anaolala. Mama Darubini alikuwa kibandani tayari kuhesabu watakaoshuka. Walishuka kwa fujo kama kawaida, wakubwa wakiwasukuma wadogo, vipande vikaanza kwisha.

Ndipo umeme ulipokatika. Msumeno ukafa taratibu, ukamalizia kwa mlio mwembamba, halafu kimya. Wachinjaji walilalamika, mtu akapiga bati kwa kisu. Na katika kimya hicho kutoka uwanjani ikaja sauti nzito, ya chini, ya kukoroma. Moja. Kisha ikajibiwa na nyingine kutoka paa la boila.

Mama Darubini alisimama. Hakuhitaji darubini. Alitoka kibandani, akatembea, halafu kwa magoti yale yale akakimbia, akiupita mfereji wa damu, akiwapungia ndege kwa mikono miwili. Wakaruka juu kwa kelele. Akainama, akaanza kuokota vipande vya nyama na kuvitia kwenye kanga yake.

"Mikono!" Glovu alipiga kelele nyuma yake. "Mikono yako, dada! Huna glovu!"

"Leta ndoo!"

"Kuna nini?"

"Wamo. Wenyeji wamo humu, wamepakwa masizi. Leta ndoo, bwana!"

Glovu hakuuliza tena. Aliokota naye, wamechutama kwenye zege lenye utelezi, na kunguru wakiwapita juu ya kichwa wakiwatukana. Mmoja alimgonga Mama Darubini kisogoni, kofia ikaanguka. Mnyapara wa machinjio alitoka na aproni yake yenye damu, akauliza kama hao wawili wamepatwa na wazimu, wao wakaendelea kuokota. Walirudisha nyama ya nusu ndoo. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kuliwa.

Glovu alimpeleka bombani, akamsugua mikono kwa sabuni mara tatu kama anayemwosha mtoto. "Una hakika?" aliuliza.

"Sasa ninayo. Jana ndiyo sikuwa nayo. Nikasaini hivyo hivyo."

Glovu alivua glovu zake, jambo ambalo Mama Darubini alikuwa hajapata kuliona. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimejikunja kwa jasho. "Basi tungoje kesho," alisema. Hawakuwa na lingine la kufanya. Aliyekwisha kula alikuwa amekwisha kula.

Ijumaa waliokota ndege ishirini na wawili, chini ya miti ya barabara na nyuma ya boila. Wote walionekana kijivu. Mama Darubini aliwapanga kwenye gunia, akapitisha kidole gumba kwenye shingo ya kila mmoja. Kwa kumi na watatu, kijivu kiliyeyuka kwenye weusi kama alivyofundishwa. Kwa tisa, chini ya masizi, mpaka ulikuwepo, umekatwa kwa mkasi. Fulana na koti. Alikuwa na asubuhi tatu za kuuona mpaka huo.

Alichukua mmoja, akamfunga kwenye mfuko, akaenda ofisini.

Mkuu wa kitengo alikuwa kijana, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, mwenye adabu, mwenye meza iliyojaa mafaili. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu katika kiti hicho. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa sitainuka."

"Hebu nikuambie. Nimemtazama huyu ndege. Mimi namwona kijivu. Mkurugenzi akimwona, atamwona kijivu. Andika ishirini na wawili wa shingo ya kijivu, tufunge hii kazi. Nani ataleta kesi hapa, kunguru?"

"Naomba ndoo ya maji," alisema Mama Darubini. "Na sabuni ya unga."

Kijana alimtazama, akaenda mwenyewe kuchota. Mama Darubini alichutama kibarazani, akamtia ndege majini, akaanza kumwosha. Alimwosha polepole, unyoya kwa unyoya, kutoka shingoni kwenda tumboni. Maji yakawa kama wino. Akayamwaga, akaomba mengine. Katika maji ya tatu kifua kilianza kutoka, kwanza rangi ya majivu, kisha rangi ya maziwa, kisha cheupe. Makarani wawili waliokuwa wakipita walisimama. Mkuu wa kitengo alichuchumaa karibu naye, tai yake ikagusa povu.

"Wako wangapi hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tisa."

"Na wote pale walikuwa wangapi?"

"Nadhani kumi na watano. Sijui. Niliwahesabu pamoja na wengine."

"Mama, nikiipeleka hii, utakayeanguka ni wewe. Sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Kama ulikuwa umechoka, si ungesema? Ningekupumzisha."

Mama Darubini alimlaza ndege juu ya gazeti, akafuta mikono kwenye sketi. Hakutaka kugombana, hakuwa hata na nguvu za kugombana. "Niliandika barua tatu, mwanangu," alisema. "Ya mwisho ilikuja kwako."

 Kijana aliangalia mlango wa ofisi yake, ambako mezani mafaili yalikuwa yamepandana mpaka usawa wa dirisha.

Mama Darubini aliandika taarifa kwa mkono siku hiyo hiyo, kurasa mbili. Alieleza kuhusu masizi, kuhusu kukaa upande mmoja, kuhusu msumeno, kuhusu mikia mifupi aliyoiona na kuipuuza. Mahali fulani aliandika, "Nilikuwa nimechoka." Alipoirudia kuisoma aliona sentensi hiyo inafanana na kisingizio. Akaweka kalamu juu yake akitaka kuifuta. Halafu akaiacha, kwa kuwa ilikuwa kweli kama hizo nyingine.

Nyumbani mumewe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Alimsimulia huku akimkata kucha. Alipofika kwenye wale tisa akaushusha mkasi. Mumewe alivuta pumzi, akatafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena.

"U… likosea," alisema.

"Ndiyo."

"Uka… sema."

"Nikasema."

Akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akauweka juu ya kichwa cha mkewe, mahali alipogongwa na kunguru. Palikuwa bado panauma, lakini hakumwambia.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda maofisini. Kazi ya machinjioni ikasimamishwa. Kikao kikakaa, kikaahirishwa, kikakaa tena. Mwezi wa pili tangu hapo ikaja barua ya onyo, na nyuma yake barua nyingine ya kumhamishia masjala, kwenye mafaili. Hapo hapo ikapitishwa kwamba kuanzia sasa watatazama watu wawili, kutoka pande mbili, na fomu itakuwa na sahihi mbili. Machinjio yakaambiwa yaache kuchoma matairi. Wakaacha wiki mbili, kisha moshi mweusi ukarudi.

Darubini aliirudisha stoo. Karani wa stoo alichungulia kwenye lile jicho lenye ukungu, akauliza, "Ulikuwa unaona kweli na hiki kitu?" Alisema alikuwa anaona. Akasaini.

Masjala palikuwa na feni iliyozunguka kwa kulalamika na dirisha linalotazama ukuta. Wiki ya kwanza alipanga mafaili kwa herufi na hakuna aliyemuuliza chochote. Siku moja saa ya chakula Glovu alikuja, akavuta kiti, glovu mkononi kama kawaida.

"Nimepita pale nyuma ya boila," alisema. "Nimeona watano."

"Umewajuaje?"

"Mkia mfupi. Na wanakoroma, dada, wanakoroma kama shemeji zangu." Alisema kwa fahari kidogo. "Wawili wanabeba vijiti."

Kwa hesabu ya Mama Darubini walipaswa kuwa sita, lakini hakubishana. "Kesho kaa upande wa pili," alisema. "Mwanga wa asubuhi unadanganya kutoka pale kwa mlinzi." Glovu akaitika kwa kichwa, wakala chakula chao.

Habari za barua ya onyo zilimfikia wifi, maana habari mbaya haihitaji ngazi, hupanda hata ghorofani. Alikuja Jumamosi moja na mfuko wa machungwa, uso umemshuka, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Wifi, mbona hukuniambia imefika huku?"

"Nilikuambia."

"Ulisema umechoka. Nani hajachoka?" Kisha akaona shuka zilizoloweshwa kwenye beseni, akaona kaka yake amekaa upande, akaona na wifi yake jinsi alivyokonda. Akaweka mfuko chini, akakunja mikono ya gauni. "Nenda kalale," alisema. "Nitakuwa nakuja Jumamosi na Jumatano. Nenda."

Mama Darubini alitaka kumwonyesha dawa zilipo, namna ya kumgeuza, mkono wa kuanzia. Wifi akamkata. "Huyu nilimbeba mgongoni kabla hujamjua. Kalale."

Akaenda chumbani, akajilaza juu ya kitanda bila kuvua viatu. Nje jua lilikuwa limesimama utosini. Kutoka chumba cha pili aliwasikia kaka na dada wanazozana juu ya redio, dada anataka kuizima, kaka anasema "A… cha," mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka redio ikaachwa. Alifikiri ainuke akaamue. Akawaacha, akapitiwa na usingizi.